"Kutu ya fimbo imetoka, ya mwili haitoki"

Jambo Yaya,

Mimi ni baba wa miaka 48, ninakaa hapa Lubumbashi, Kampemba. Safu yako ninaisoma tangu siku nyingi, lakini sikufikiri siku moja nitakuandikia kwa sababu ya mchezo. Wengine wanakuletea mambo ya ndoa na urithi. Naomba usinichukue kama mtu asiye na shida za kweli, maana hii yangu inaninyima usingizi.

Gofu nilianza mwaka 2011. Kabla ya hapo, kwangu mimi Golf lilikuwa jina la mtaa tu, kama ilivyo kwa watu wengi wa mji huu. Ukisema kwenye taksibasi kwamba unakwenda Golf, kila mtu anaelewa unakwenda nyumbani kwa mtu. Mkubwa wangu wa kazi ndiye aliyenipeleka uwanjani Jumamosi moja, akanipa fimbo ya chuma namba 7, akanionyesha namna ya kushika. Mpira wa tatu ukaruka. Nani amewahi kuuona mpira wake wa kwanza ukipaa hivyo, ukikaa angani kama umesahau kushuka, halafu akakubali kuacha? Mwaka 2018 handikapu yangu, yaani mapigo ya nyongeza ninayopewa, ilikuwa 15. Nilikuwa narudi nyumbani na mapigo 88, 90, mara moja 84. Hiyo karatasi ya 84 ninayo bado.

Mwanzo wa 2019 kazi ikanituma Kolwezi, kwenye pampu za mgodi. Nilidhani ni miezi sita. Ikawa miaka mitano na zaidi. Fimbo zilibaki kwenye depo nyuma ya nyumba, chini ya mifuko ya simenti. Mwaka huu mwezi wa 5, mvua zilipokwisha, nilizitoa. Vyuma vilikuwa na kutu, raba za kushikia zimekauka kama tairi kuukuu. Nilisugua kwa majivu na limau siku nzima, zikang'aa. Yaya, kutu ya fimbo imetoka. Ya mwili haitoki.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa 6, saa moja asubuhi, baridi ile unayoijua. Nyuma yetu wamesimama watu wanne wanangoja zamu. Nikapiga mpira wangu wa kwanza baada ya miaka yote hiyo. Ulitambaa mita kama 30. Wa pili ukapinda kuume hadi ndani ya miti. Nilimaliza mashimo 18 kwa mapigo 121. Wiki mbili baadaye rafiki zangu wakanichukua Ndola, kule Zambia. Tulivuka mpaka wa Kasumbalesa mapema, tukapita kati ya malori, nikiwa na matumaini kwamba uwanja mwingine utanibadilishia bahati. Unaujua uwanja wa Ndola na vichuguu vyake, vikubwa kama nyumba, vimesimama katikati ya njia ya mpira. Mara tatu mpira wangu ulikwenda kujificha nyuma ya kichuguu. Nilipiga 118. Wenyeji walinipigia makofi ya huruma nilipomaliza, na hayo makofi yaliniuma kuliko kicheko.

Tangu hapo usiku ninatazama video kwenye simu. Mwalimu huyu anasema weka uzito kushoto, yule anasema kuume. Nimebadilisha mshiko mara tatu. Mpira ukienda kuume, ninaelekeza mwili kushoto zaidi ili urudi katikati, na ajabu ni kwamba unapinda hata zaidi ya kwanza. Mgongo wangu wa chini, upande wa kuume, unauma siku mbili baada ya kila mchezo. Halafu nikanunua fimbo mpya ndefu ya kuanzia, dola 400, kwa mwenzangu wa kazi aliyekuwa anarudi Afrika Kusini. Zile dola zilikuwa za minervali, karo ya shule ya watoto, za mwezi wa 9. Bibi yangu, mama wa watoto, hajui.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo nilitaka kuliacha. Pale uwanjani kuna kijana aliyekuwa ananibebea mfuko tangu 2015, wakati huo akiwa bado mwanafunzi. Sasa ni mwanaume na ana mtoto. Siku ile ya mwezi wa 6 aliponiona alikimbia, akanipokea kwa mikono miwili kama anapokea mjomba wake aliyetoka safari. Tulipofika shimo la 6, baada ya kupoteza mpira wa nne, akanisogelea akaniambia polepole: "Baba, zamani ulikuwa unangoja juu. Sasa hungoji." Nikamjibu mbele ya watu wote: "Wewe unalipwa kubeba, si kufundisha." Hakujibu. Alibeba hadi shimo la 18, akapokea franga zake, akasema aksanti. Tangu siku ile nikifika anamwachia mwenzake mfuko wangu.

Mwezi wa 9 rafiki zangu wanakwenda kucheza Kitwe, Zambia tena, uwanja wa Nkana, na wameandika jina langu. Zimebaki wiki tisa. Je, ni umri? Niuze fimbo zote niache? Au kuna njia ya kurudi pale nilipokuwa?

Baba Mapasa, Kampemba


Jambo Baba Mapasa,

Aksanti kwa kuniamini. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama mchezaji, nikaanza kuhesabu makosa ya swingi yako, namna unavyozungusha fimbo. Mara ya pili nilisoma kama mtu aliyewahi kubeba mifuko ya wengine uwanjani kabla ya kuwa na fimbo hata moja ya kwake, na hapo nilisimama kwenye shimo la 6 nikakaa muda mrefu. Kwa hiyo nitaanzia hapo, hata kama wewe uliliweka mwisho na ulitaka kuliacha.

Kijana yule alikupa jibu. Ulilipokea mwezi wa 6, bure, kabla ya video zote na kabla ya zile dola 400. Wale walimu wa kwenye simu hawajawahi kukuona. Wanamfundisha mtu wasiyemjua swingi isiyo yako. Yeye aliitazama swingi yako ya 84 kwa miaka, akiwa hatua tano kutoka kwako, kila Jumamosi. Katika mji huu wote huenda ni yeye peke yake anayeikumbuka kwa macho, maana wewe mwenyewe hujawahi kujiona unapiga. Na alichokumbuka ni neno moja: ulikuwa unangoja juu.

Sasa nikueleze kwa nini neno hilo ni zito.

Wachezaji wazuri wanapopimwa, inaonekana kwamba kupandisha fimbo kunachukua karibu mara tatu ya muda wa kuishusha. Wapo wanaokwenda haraka na wapo wanaokwenda taratibu, lakini uwiano huo haubadiliki sana. Maana yake ni kwamba kule juu kuna kipindi kidogo ambacho mgongo unamaliza kugeuka, na nyonga zinaanza kurudi kabla ya mikono. Mtu aliyekaa miaka mitano bila kucheza hapotezi nguvu kwanza. Anapoteza kipindi hicho. Mikono ina hofu ya kukosa mpira, inaanza kushuka wakati mgongo bado unapanda. Bega la kuume linaruka mbele, fimbo inatoka nje na kuukata mpira kutoka nje kwenda ndani, uso wa fimbo ukiwa bado wazi, yaani unatazama kuume. Mpira unapinda kuume. Siku nyingine mwili unajikunja kuokoa pigo, fimbo inaugusa mpira kichwani tu, nao unatambaa mita 30. Na kwa sababu kiuno kinavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, mgongo wa chini unalipa. Umeniandikia magonjwa matatu, Baba Mapasa, na mimi naona ugonjwa mmoja.

Hilo la kuelekeza mwili kushoto nalo naomba uliache leo hii. Mpira unaanza safari yake karibu na pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama, kisha unapinda kuikimbia njia ambayo fimbo ilipita. Unapogeuza miguu na mabega kushoto, njia ya fimbo inaelekea kushoto zaidi, lakini mikono yako bado inaujua ule uso wazi wa kuelekea bendera. Tofauti kati ya njia na uso inakua. Ndiyo maana ulishangaa kwamba unapinda zaidi ya kwanza. Umekuwa unauza mbuzi ili ulipe deni la kuku. Simama sawa na lengo, hata kama siku za kwanza mpira utakwenda mitini. Acha uende.

Na ile fimbo mpya ndefu inaongeza shida. Kadiri uso wa fimbo ulivyolala, ndivyo mpira unavyopanda ukiwa na mzunguko wa kurudi nyuma, na kosa la pembeni linapungua. Fimbo ndefu ya kuanzia uso wake umesimama zaidi kuliko wa fimbo nyingine zote za kupigia mbali, kwa hiyo kosa lile lile ambalo chuma namba 7 kinalisamehe, yenyewe inalipeleka hadi ndani ya miti. Ulinunua kioo kikubwa zaidi cha kuonyesha kidonda. Nitairudia baadaye, maana ina habari ya bibi yako ndani yake.

Umeniuliza kama ni umri. Miaka 48 inakupunguzia mita chache, sikudanganyi, na nyonga za mtu aliyeinama kwenye pampu miaka mitano zimekaza. Lakini miaka 48 haifanyi mpira utambae. Ben Hogan, Mmarekani, aligongana na basi akiwa kwenye gari yake mwezi wa 2 mwaka 1949, mifupa ikavunjika nyonga na bega, watu wakaogopa kwamba hatatembea tena. Mwezi wa 6 mwaka 1950 alishinda mashindano makuu ya nchi yake kwenye uwanja wa Merion, miguu imefungwa bendeji. Lakini mimi ninaupenda zaidi mwaka 1953. Mwaka huo, akiwa amevuka miaka 40, aliingia mashindano 6 tu, akashinda 5. Aliujua mwili aliokuwa nao, akaacha kuudai uliokwisha. Wewe na mimi si Hogan. Lakini kucheza mara chache, ukiwa umejitayarisha, hilo hata mtu wa Kampemba analiweza.

Basi hizi wiki tisa tuzipange, na tuanzie shimoni.

Uwanja wa mapigo 72 umehesabiwa hivi: kwenye kila shimo mapigo mawili ni ya kusukuma mpira kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Hayo ni 36, nusu nzima. Wewe ulipopiga 121 ulikumbuka mipira iliyokwenda mitini kwa sababu ndiyo iliyokuaibisha mbele ya watu. Hukuniambia ulisukuma mara ngapi. Nina hakika hukuhesabu. Kwa wiki mbili za kwanza sitaki uende uwanjani kupiga mashimo 18. Kaa nyumbani kwenye parseli yako jioni, ukiwa umetoka kazini, kwenye simenti au zulia, na uweke sarafu chini. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, sarafu ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo ukiizoea sarafu shimo litakuja kuonekana kama sufuria. Sukuma mipira kutoka hatua moja, halafu mbili, halafu tatu. Usiongeze umbali kabla mkono haujatulia. Hao mapasa wako, hao pacha, wakitaka kushindana nawe, waache washindane, maana hakuna kitu kinachotuliza mkono wa mtu mzima kama kucheza na mtoto.

Wiki ya tatu nenda uwanjani, lakini ubaki pembeni ya grini na chuma namba 8. Si ile fimbo iliyolala sana ya kuinulia mpira. Kiangazi hiki udongo wetu ni mgumu kama tofali. Fimbo yenye tumbo nene chini ikigusa ardhi ya namna hiyo inaruka, makali yanaupiga mpira kichwani, na mpira unavuka grini mzima hadi upande wa pili. Lazima ilikutokea. Chuma namba 8 unakishika chini kidogo, unafanya kama unasukuma, mpira unaruka hatua chache halafu unabiringika. Wacheza gofu wengi wa Lubumbashi ninaowafahamu wanasahau kwamba mwezi wa 7 na mwezi wa 1 tunacheza kwenye viwanja viwili tofauti vyenye jina moja.

Kabla sijafika kwenye swingi kamili, raba zako. Umesema zimekauka kama tairi kuukuu. Umesugua vyuma siku nzima na raba ukaziacha. Raba ngumu inateleza, na mkono unaoogopa kuteleza unabana, na mkono unaobana unakaza hadi shingo. Hapo hata uelewe nini huwezi kungoja juu. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uzisugue kwa brashi ngumu, uzikaushe. Zisiporudi kushika, badilisha hata za fimbo sita tu. Ni kazi ya gharama ndogo sana ukilinganisha na ulichonunua, na itakusaidia zaidi.

Kuanzia wiki ya nne, piga chuma namba 7 kwa nusu ya swingi. Mikono ifike usawa wa bega, isizidi. Mzee aliyenifundisha mimi alikuwa hajui kusoma saa ndogo za kupimia, alinifundisha kwa neno: bu-ka-ri, ugali wetu. Silabi tatu za kupanda, bila haraka, kama mama anavyogeuza mwiko, na ukimaliza "ri" ndipo ushuke. Mpaka leo, nikiwa na hofu kwenye tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo, ninasema bukari moyoni. Kuna kitu kingine cha kukutuliza: fimbo na mpira vinagusana kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurekebisha kitu ndani ya muda huo. Yote unayoweza kuyaamua yanakwisha kabla, kwa hiyo ukishaanza kushuka, umeshapiga. Wewe unapigana na mpira pale chini, mahali ambapo vita imeshakwisha.

Mgongo usiuache hivyo. Asubuhi za Lubumbashi mwezi wa 6 na wa 7 joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wewe ulitoka kwenye gari ukaenda moja kwa moja kwenye tii. Fika nusu saa kabla. Tembea. Zungusha nyonga ukiwa umeshika fimbo mabegani, kuume na kushoto, taratibu, mpaka usikie joto. Maumivu yakianza kushuka mguuni, au kama mguu unakufa ganzi, acha fimbo kabisa uende kwa daktari, na Kitwe isubiri mwaka mwingine.

Sasa ile karatasi ya 84. Ninaelewa kwa nini unaitunza, nami ninazo zangu. Lakini naona unakwenda uwanjani ukiwa umebeba handikapu 15 ya mwaka 2018 kichwani, na kila pigo unalipima nayo. Hiyo namba imekufa. Ulipokuwa Kolwezi, mwaka 2020, dunia ilianza mfumo mpya wa handikapu. Unachukua michezo yako 20 ya mwisho, na kati ya hiyo inahesabiwa 8 bora tu. Soma tena hapo: michezo 12 kati ya 20 inategemewa kuwa mibaya, na mfumo wenyewe unaifunika. Tena kila shimo lina kikomo. Shimo la mapigo 4 ambalo unapewa pigo moja la nyongeza, kikomo chako ni 7 kwa hesabu ya handikapu, hata kama uligonga 11 nyuma ya kichuguu. Mwambie mhusika wa uwanja kwamba umerudi baada ya miaka mitano, uanze na namba mpya kubwa. Si aibu, na ni haki pia kwa wale unaocheza nao kwa dau la soda. Halafu uliza kuhusu sheria, maana uliondoka mwaka ule ule zilipobadilika. Tangu 2019 mpira uliopotea unatafutwa dakika 3, si 5 tena. Mpira unaouachia chini unauachia kutoka usawa wa goti, si bega. Na ukitaka, bendera inabaki shimoni unaposukuma. Usije ukabishana Kitwe kwa sheria za zamani.

Fimbo zote usiuze. Uza moja.

Unaijua ni ipi. Ipeleke uwanjani, utampata mnunuzi, hata kama atakupa 300. Lakini kabla ya kuiuza, mwambie bibi yako, tena usingoje zile dola zitimie. Najua mpango uliokuja kichwani: kuiuza kimya, kujaza pengo kidogo kidogo, na yeye asijue kamwe. Nimeona waume wengi wakifanya hivyo, na siku mke anapojua, anachouliza si dola ngapi. Anauliza tangu lini. Mketishe jioni, watoto wakiwa wamelala, umweleze kwamba ulikuwa na aibu, ukatafuta dawa ya aibu kwenye fimbo, ukagusa pesa ya watoto. Atakasirika. Ana haki. Halafu mpange pamoja jinsi minervali itakavyopatikana kabla shule hazijafunguliwa, na kama hesabu inasema safari ya Kitwe haiwezekani, basi haiwezekani, na rafiki zako wataelewa ukiwaambia ukweli.

Nirudi kwa kijana. Jumamosi hii, kabla ya kufungua mfuko, mtafute. Usimwite kwa kidole kutoka kwenye gari. Ulimdhalilisha mbele ya watu, basi mwombe radhi mbele ya watu, hata mbele ya wawili watatu tu wanaosubiri zamu. Mimi nilipokuwa kijana, kuna mkubwa mmoja aliyenitupia fimbo kwa sababu nilimwambia upepo umegeuka. Nimesahau uso wake, lakini mahali nilipokuwa nimesimama ninapaona bado, na ule mti pembeni. Aliyebeba mfuko wako anaona swingi nyingi kwa wiki kuliko sisi tunazopiga kwa mwaka. Anajua ni nani anaogopa na ni nani amegombana nyumbani kabla mtu hajasema neno. Kijana yule alikukimbilia kwa mikono miwili baada ya miaka mitano. Mwambie alikuwa na haki, kwamba hungoji juu, na umwombe akutazamie. Halafu umlipe kwa kutazama pia, si kwa kubeba tu. Akisema jambo ambalo hukubaliani nalo, nyamaza kwa mipira kumi kwanza.

Mkianza kucheza tena, kuanzia wiki ya sita, chezeni mashimo 9, jioni, wakati nyuma yenu hakuna watu. Anzia tii za mbele. Beba fimbo 7, si 14: ya kusukumia, mbili za karibu na grini, vyuma 8, 7 na 6, na ile fimbo yako ya zamani ya mbao ya njiani. Mfuko ukiwa mwepesi na kichwa kinapata nafasi.

Na kama Kitwe itakuwepo, nasema kama, pale kwenye tii ya kwanza, watu wa Nkana wakiwa wamesimama nyuma yako, rafiki zako wote watatoa fimbo ndefu. Wewe toa chuma namba 7. Simama sawa na lengo. Bu-ka-ri. Na kijana akiwa na hati zake za kuvuka mpaka, mwombe aje nawe, nafasi moja kwenye gari si ghali, asimame pale pale alipozoea kusimama, hatua tano.

Yaya